Mtoto ameungua miguu yote miwili sawasawa: ni ajali, ni uzembe, au kuna aliyemtia majini?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Juzi tumemlaza mtoto wa kiume wa miezi 15 aliyeungua kwa maji ya moto miguu yote miwili, kuanzia vidoleni hadi juu kidogo ya vifundo. Mama anasema aligeuka kuchukua taulo, mtoto akajiingiza mwenyewe kwenye beseni. Ameletwa siku ya pili tangu aungue. Mama ni mpole, analia kila tukibadilisha bendeji, na mwenzangu wa zamu ananiambia mwanamke anayelia hivi hawezi kumuunguza mwanawe. Lakini mimi kila nikiangalia mahali jeraha linapoishia, moyo unakataa. Mpaka wake umenyooka kama soksi. Mtoto mwenyewe halii sana, anatuangalia tu. Nitajuaje kama ni ajali, ni uzembe, au alichomwa makusudi? Na nikisema halafu ikawa si kweli, si nitakuwa nimevunja familia ya watu?"

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona una hofu mbili zinazovutana: ya kumrudisha mtoto mahali pasipo salama, na ya kumsingizia mama asiye na kosa. Zote mbili ni za haki. Ila kabla sijaenda mbali nikutue mzigo mmoja ambao si wako. Hukuajiriwa kujua nani alifanya nini. Kazi yako ni kuangalia kama vitu vitatu vinakubaliana, yaani maelezo uliyopewa, ngozi unayoiona, na uwezo wa mtoto wa umri ule. Visipokubaliana unasema, tena siku hiyohiyo. Lugha yetu yenyewe imekutengea nafasi: "ameungua" ni neno lisilomtaja mtendaji, "ameunguzwa" linaonyesha kuwa yupo. Kwenye faili andika "ameungua", kisha endelea kuuliza.

Kuhusu machozi ya mama, mwenzako anasema kwa huruma lakini amekosea. Machozi hayapimi kitu. Nimewaona wazazi waliolia usiku kucha ambao baadaye walikiri, na nimewaona wengine wakavu, wenye majibu ya mkato, ambao hawakuwa na kosa hata kidogo; walikuwa wameganda kwa mshtuko. Mwaka 1962, Henry Kempe na wenzake huko Denver, Marekani, walichapisha makala kuhusu watoto wadogo wanaoumizwa na walezi wao. Jambo moja walilolilalamikia ni kwamba madaktari wenyewe walikuwa hawataki kuamini kuwa mzazi anaweza kufanya hivyo. Udhaifu huo bado tunao, na una sura mbili: tunawaamini upesi wanaofanana na sisi, na tunawashuku upesi maskini. Mimi mwenyewe niliwahi kumruhusu mtoto arudi nyumbani kwa sababu baba yake alikuwa nadhifu, msomi, na aliniita "daktari" kila sentensi. Mtoto alirudi baada ya wiki chache na jeraha jingine. Tangu siku hiyo nianzapo kumpenda au kumchukia mzazi, hurudi kitandani kuangalia ngozi upya.

Sasa tuiangalie ngozi. Watoto wengi wa umri huu wanaoungua kwa kitu cha majimaji huungua kwa bahati mbaya, na mara nyingi kwa namna ileile. Mtoto amenyoosha mkono juu, amevuta kikombe au sufuria, vimemwagika. Maji yanayomwagika hushuka, na yanaposhuka yanapoa. Kwa hiyo jeraha huwa na kina zaidi pale yalipogusa kwanza, kwenye uso, shingo, bega au kifua, kisha hupungua kina na upana kuelekea chini. Kingo zake hazina mpangilio, na pembeni huwa na madoa ya matone yaliyoruka. Nguo nayo huacha alama yake, kwa sababu iliyolowa hushikilia joto mahali ilipokaa. Ndiyo maana huulizwa mtoto alivaa nini.

Aliyezamishwa ana sura nyingine. Maji yaliyotulia yana usawa mmoja, na kiungo kilichoshikiliwa ndani yake hupata mpaka mmoja uliokatika vizuri, kama soksi au kama glovu. Kina cha jeraha huwa kilekile kote, pande zote mbili hulingana, na madoa ya matone huwa machache au hayapo, kwa kuwa aliyeshikiliwa hakuweza kupiga maji. Akizamishwa amekunja magoti, mikunjo nyuma ya goti na kwenye kinena hubaki mizima, kwa vile ngozi ilibana ngozi na maji hayakupita. Akikalishwa, makalio yaliyogandamizwa kwenye sakafu ya chombo iliyo baridi kuliko maji yanaweza kubaki na duara la ngozi nzima katikati ya jeraha.

Ninachotaka ukishike hapa ni kwamba alama hizi zinakuambia mkao wa mtoto na mwendo wa maji. Hazikuambii nia ya mtu. Mpaka ulionyooka unasema "miguu haikusogea ndani ya maji". Kwa nini haikusogea ndilo swali linalofuata, na majibu yake ni zaidi ya moja.

Hapo joto la maji linaingia. Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walipima muda ambao ngozi ya mtu mzima hustahimili kabla ya kuungua vibaya. Kwa maji ya nyuzi 49 za Selsiasi ilichukua dakika kadhaa. Kwa nyuzi 60 zilitosha sekunde 5 hivi. Ukipita 70, haifiki hata sekunde moja. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, hivyo kwake muda ni mfupi zaidi. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba, na labda ndiyo maana watu wazima huyadharau. Kwa hiyo uliza maji yalitoka wapi. Kama ni ya bomba la moto au yalikuwa yameshachanganywa kwa ajili ya kuoga, jeraha la kina linahitaji muda, na mtoto anayeumia hutoa mguu kabla ya muda huo kwisha, isipokuwa kama kitu kimemzuia. Lakini kama yalikuwa yametoka jikoni sekunde ile, hoja ya muda inadhoofika sana: mguu ulioingia na kutoka papo hapo unaweza kuungua vibaya. Hata hivyo, mtoto anayejiingiza mwenyewe kwa kawaida hutanguliza mguu mmoja, hustuka, huyumba, huangukia mkono au hulipindua beseni. Utegemee mguu mmoja uungue kuliko mwingine, mpaka uliopinda, matone kwenye mapaja. Miguu miwili iliyoungua kwa kiwango kimoja hadi mstari mmoja haifanani na hadithi hiyo. Siwezi kusema haiwezekani. Nasema inahitaji kuulizwa vizuri zaidi ya ilivyoulizwa.

Nyayo usizifanye ushahidi mkubwa. Ngozi ya unyayo ni nene, hivyo siku za mwanzo inaweza kuonekana haikuguswa kumbe imeungua chini kwa chini. Na kwa jumla kina cha jeraha hubadilika ndani ya saa 48 hadi 72 za kwanza. Ulichokiona juzi huenda kesho kikawa na sura nyingine. Ndiyo sababu nasisitiza picha zipigwe mapema, tena kabla ya kupaka krimu nyeupe ya vidonda vya moto yenye madini ya fedha, maana hiyo ikishapakwa hufunika kila kitu.

Kisha uwezo wa mtoto. Wa miezi 15 wengi wanatembea, baadhi kwa kuyumba. Kuingia kwenye beseni kunataka ainue mguu mmoja juu ya ukingo huku amesimama kwa mwingine, halafu ainue na wa pili, ambao bado uko nje wakati wa kwanza unaungua. Huwezi kumjaribu sasa, lakini unaweza kuuliza bila kuonekana unatega: wiki iliyopita alikuwa anapanda kitandani mwenyewe? Anapanda ngazi? Beseni lenyewe lina kina gani, lilikuwa sakafuni au juu ya kitu, maji yalifika wapi? Watoto hukua kwa kasi tofauti, kwa hiyo usitumie jedwali la kitabuni peke yake. Mtoto wa miezi 4 anayesemekana alitambaa hadi kwenye jiko, huyo huhitaji jedwali.

Kwa ufupi niguse majeraha mengine utakayokutana nayo. Mtoto anayegusa pasi au jiko mwenyewe huungua kiganjani na kwenye vidole upande wa ndani, na alama huwa haina kingo safi kwa sababu aliondoa mkono. Alama yenye umbo kamili la kifaa, nyuma ya mkono, mgongoni au kwenye makalio, inatia shaka, na zikiwa kadhaa shaka inaongezeka. Sigara iliyogandamizwa huacha kiduara cha kama milimita 8 hadi 10 chenye kina sawa kote. Iliyopita tu huacha alama ya juujuu iliyorefuka upande mmoja. Lakini tahadhari: impetigo, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na bakteria, huacha vidonda vya duara vinavyofanana sana na hivyo, bakteria aina ya stafilokoki wanaweza kubandua ngozi ya mtoto mchanga ikaonekana kama ameunguzwa na maji, na maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi iliyopigwa na jua huleta malengelenge yenye michirizi ya ajabu. Kuna hata dawa za kumfanya mtu aharishe ambazo choo chake huchubua makalio ya mtoto aliyevaa nepi. Nimeshuhudia kikao kizima kikiandaliwa kwa ajili ya mtoto aliyekuwa na impetigo. Mwiteni daktari wa ngozi pale umbo lisipoeleweka.

Nije kwenye uzembe, ambao umeutaja kwa neno moja tu, na nadhani ndipo wodi nyingi hulegea. Tunapokuwa na shaka macho yetu hutafuta mkono wa mkatili. Tukimkosa, tunapumua na kuandika "ajali". Kumbe watoto wanaoungua kwa kukosa uangalizi ni wengi mara kadhaa kuliko wanaochomwa makusudi, na wanaweza kurudi wakiwa na hali mbaya zaidi. Uzembe hauna umbo kwenye ngozi. Unauona kwenye mazingira: mtoto aliachwa na nani, kwa muda gani, na huyo aliyeachiwa ana umri gani, ameshawahi kuungua, kumeza sumu au kuanguka, kadi ya kliniki inasema nini kuhusu uzito na chanjo, kucha, kichwa, meno, vidonda vya zamani visivyotibiwa, na akishatoka hospitali, analetwa kubadilishwa bendeji au hapana.

Hapa kunahitajika uungwana. Kugeuka kuchukua taulo si uzembe. Hakuna mzazi duniani ambaye hajageuka. Umaskini nao si uzembe: chumba kimoja kinachotumika kupikia na kulala humweka mtoto karibu na moto hata kama mama ana macho kumi. Swali langu huwa ni hili: je, kulikuwa na jambo ambalo familia hii ingeweza kulifanya, ilijua inapaswa kulifanya, na imekuwa hailifanyi mara kwa mara? Jibu likiwa ndiyo, ni utelekezaji, na mtoto anahitaji ulinzi. Likiwa "walijua lakini hawakuwa na uwezo", wanahitaji msaada, na kuwaita wahalifu ni kuwaongezea jeraha.

Kuchelewa siku moja kupimwe hivyohivyo. Kuchelewa bila sababu ni moja ya dalili zinazotajwa sana, na kweli ina uzito. Lakini sababu zipo nyingi: umbali, nauli, aliyekuwa na uamuzi hakuwepo, walidhani litapona, walijaribu dawa za nyumbani, jeraha lilionekana dogo kisha malengelenge yakavimba usiku. Uliza "ilikuwaje mpaka mkaamua kuja leo?" na usiulize "kwa nini mmechelewa?" Lile la pili ni karipio. Na mzazi aliyekaripiwa wodini akimsimulia jirani, jirani huyo mwakani atachelewa siku 3.

Mtoto anayewaangalia tu bila kulia amenigusa. Wapo watoto walioishi kwenye hofu ambao huwa kimya kupita kiasi, macho yakifuata kila mtu anayeingia, hawamtafuti mama hata wakiumizwa. Lakini mofini, dawa kali ya maumivu, nayo humnyamazisha mtoto, na maumivu makali humfanya ajikunyate, na mtoto aliyezoea watu wachache huwaogopa wageni wenye makoti. Angalia dawa alizopewa na saa alizopewa. Mtazame mama akiwa ameondoka, kisha akiwa amerudi. Andika ulichoona, kwa mfano "mama aliporudi mtoto aligeuza uso ukutani", wala usiandike "mtoto anamwogopa mama". La kwanza umeliona, la pili umelikisia.

Bado hujaniambia kama mtoto amevuliwa nguo zote. Miguu iliyofungwa bendeji huvuta macho ya kila mtu, na sehemu nyingine za mwili husahaulika. Aangaliwe kichwani, nyuma ya masikio, shingoni, kifuani, mgongoni, makalioni, na ndani ya mdomo, hasa kile kiutepe chembamba kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi. Mtoto anayejifunza kutembea huvilia damu kwenye paji la uso na mifupa ya miguu; kuvilia kwenye masikio, shingo au kiwiliwili si kawaida kwa mdogo kama huyu. Kwa aliye chini ya miaka 2 mwenye jeraha la kutia shaka, daktari wa watoto kwa kawaida huomba eksirei za mifupa yote, kwa kuwa mfupa uliovunjika wiki tatu zilizopita hauonekani kwa macho na mtoto hawezi kuusimulia. Ukimkuta na jeraha jingine lisilo na maelezo, mizani imeinama.

Kuandika kwako ndiko kutakakomlinda mtoto, na kutamlinda mama pia kama hana kosa. Andika maneno yao kama walivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na saa na jina la aliyesema. Chora mchoro wa mwili. Picha ziwe na rula pembeni. Kama yupo mtu mwingine aliyekuwa nyumbani, asikilizwe peke yake, na maelezo yake yaandikwe bila kulinganishwa mbele yake. Maelezo yanayobadilika kila zamu ni dalili nzito, lakini huwezi kuiona kama kila zamu haikuandika. Mtoto mkubwa anayeweza kusema, muulize swali lililo wazi, "niambie ilivyokuwa", kisha nyamaza. Usimtajie jina la mtu. Usimwahidi siri. Chuo Kikuu cha Cardiff, kule Wales, kimetengeneza fomu fupi inayojumlisha mambo kama maelezo yasiyoridhisha, jeraha la pande zote mbili na uangalizi hafifu, ili kumsaidia mtumishi kujua lini aite wenzake. Fomu za aina hiyo ni nzuri kwa kuamsha mazungumzo, hazitoi hukumu.

Sasa hofu yako ya kuvunja familia. Ili kutoa taarifa huhitaji uthibitisho, unahitaji shaka yenye msingi, na nchi nyingi sheria inamtaka mhudumu wa afya atoe taarifa katika kiwango hichohicho cha shaka. Unachokianzisha ni uchunguzi wa watu wengi: daktari wa watoto, ustawi wa jamii, pengine polisi. Mara nyingi matokeo yake ni msaada na ufuatiliaji, si kumtenga mtoto na mama. Sitakudanganya kwamba mambo huenda vizuri kila mara. Kuna mahali ofisi ni chache, watu wamechoka, na familia isiyo na kosa hupitia wiki za aibu. Hayo ni madhara ya kweli. Lakini nikiyaweka kwenye mizani na mtoto wa miezi 15 anayerudi kwa mtu aliyemshikilia majini, sioni yanavyolingana. Unachoweza kukipunguza ni aibu: zungumzeni chumbani na si kitandani mbele ya wodi, na suala lisigeuke hadithi ya chumba cha chai.

Mama aambiwe ukweli, isipokuwa timu ikiona kumwambia mapema kutamhatarisha mtoto. Aongee naye daktari kiongozi, wewe ukiwepo. Maneno yanaweza kuwa rahisi: "Jeraha hili halifanani sana na tulivyoelezwa. Kila mtoto mwenye jeraha kama hili tunamfanyia uchunguzi zaidi na tunamshirikisha afisa ustawi wa jamii. Tungefanya hivyo kwa mtoto wa yeyote." Na atafutiwe nafasi ya kuwa peke yake, bila mume, shemeji wala mama mkwe, aulizwe kama yeye mwenyewe yuko salama nyumbani. Mama anayelia kila siku anaweza kuwa analilia kitu alichokiona na hathubutu kukisema. Hilo nalo lizingatiwe kabla ya kumweka upande wowote.

Mzazi utakayesoma hapa ukiwa na mtoto aliyeungua sasa hivi: mimina maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, yanasaidia hata kama zimeshapita saa 2 au 3, kisha nenda hospitali. Maswali utakayoulizwa huulizwa wote, na jibu la kweli, hata lile la "nilimwacha peke yake", humsaidia mtoto kuliko hadithi nzuri.

Nirudi kwako, muuguzi. Mimi sijamwona mtoto huyu, na picha ya maneno haitoshi kutoa uamuzi. Lakini kwa ulivyoeleza, mpaka mmoja, miguu miwili, pamoja na maelezo ya beseni, ningekuwa daktari wa wodi yako nisingemruhusu atoke hata kama vidonda vimekauka. Leo, kabla zamu yako haijaisha, mwombe daktari bingwa aje aangalie miguu bendeji zikiwa zimefunguliwa, umweleze kinachokusumbua kama ulivyonieleza mimi, na afisa ustawi wa jamii aitwe. Daktari akipuuza, mwendee anayemzidi cheo, na uandike kwamba ulimwambia na saa uliyomwambia. Kisha muulize mama, kwa upole, jambo ambalo naona hakuna aliyeliuliza tangu juzi: nyumbani kuna watoto wengine, na usiku huu wamelala na nani?